Oiva na Taa Nyekundu ya Rejeta

Tuulia aliuona utando kwenye kioo cha gari kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba. Alikuwa kiti cha nyuma, mama yake Lempi akisinzia mbele, redio ikisoma hali ya hewa kwa sauti ya chini. Baba yake Oiva aliendesha taratibu katikati ya misonobari iliyolemewa na theluji. Safari ilikuwa ya amani. Tuulia akapitisha kidole kwenye kioo. Ukungu wa kawaida hufutika, lakini huu ulijipaka kama mafuta, na ulinukia utamu kama peremende iliyoyeyuka.

Hakusema kitu. Sisi watu wa kaskazini, ndugu msomaji, humsifu mtu mkimya, na abiria hamfundishi dereva kazi.

Gari lile lilikuwa uhai wa Lempi. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine hospitalini, kilomita tisini kutoka kwao. Hospitali ilikuwa tayari kumletea teksi. Oiva alikataa. "Mke wangu nampeleka mimi," alisema. "Nimeendesha miaka arobaini. Teksi ni ya wajane."

Desemba taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Injini ilikuwa imepata joto kupita kiasi. Oiva alisimama, akafungua bonneti, akacheka.

"Kadibodi tu hii!"

Huku kwetu, baridi ikizidi, tunaweka kadibodi mbele ya rejeta ili upepo usiigandishe injini. Oiva alitoa kisu, akakata kipande, na taa ikazimika.

"Mmeona? Fundi angenizungusha siku nzima."

Taa ikirudi, naye anakata tena. Kufikia Januari kadibodi ilikuwa imebaki kama kitabu. Jirani yao Aatu, dereva wa lori la magogo, aliiona akaangua kicheko.

"Oiva, hiyo kadibodi au stempu?"

"Tazama magogo yako, bwana."

"Maji ya rejeta umeyaangalia lakini?"

"Gari langu linakunywa petroli. Maji kampe ng'ombe."

Tuulia alikuwa amesimama pale pale. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Ukweli ni kwamba maji ya rejeta, yaliyochanganywa na dawa tamu ya kuzuia kuganda, yalikuwa yakipungua kila siku. Kila kadibodi ilipokatwa, upepo wa baridi uliyapoza machache yaliyobaki, taa ikanyamaza, na Oiva akajiona bingwa.

Jumatano moja ya Januari, baridi ikiwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, taa iliwaka wakiwa bado na kilomita arobaini kufika hospitalini. Oiva akaitupa kadibodi yote. Wakaendelea, lakini taa haikuzimika. Kisha hita, iliyokuwa ikiwapa joto, ikaanza kupuliza baridi.

"Baba, simamisha gari," Tuulia alisema.

"Tutasimama hospitalini."

"Simama sasa! Injini inachemka, na hita inapuliza baridi. Hakuna maji ya kulileta joto humu ndani."

"Yameenda wapi? Uani hakuna hata tone!"

"Yako miguuni pa mama."

Oiva alikanyaga breki. Akainama, akagusa kapeti chini ya miguu ya mkewe, akanusa vidole vyake. Utamu ule ule.

"Soksi zangu zinalowa tangu Krismasi," Lempi alisema polepole. "Nilidhani ni theluji ya viatu."

Oiva akazima injini. Akavua koti lake, akamfunika mkewe, akampigia simu Aatu. Lori lilifika baada ya dakika arobaini, na hadi hapo midomo ya Lempi ilikuwa ya samawati. Aatu hakutania hata neno moja. Alimbeba Lempi kama mtoto, akamweka penye joto.

Lempi aliifikia mashine, lakini baridi ilikuwa imeingia kifuani, akalazwa siku tisa. Fundi alikuta rejeta ndogo ya hita, iliyofichika nyuma ya dashibodi, imetoboka na kuvujia ndani, mvuke wake ukipaka vioo. "Mngeendelea kidogo tu," alisema, "injini ingekufa, nanyi mngegandia barabarani."

Siku hizi Lempi huenda kwa teksi ya hospitali. Oiva hukaa kando yake, amemshika mkono.

FUNZO

Taa ya onyo ikizimika, usidhani ugonjwa umepona. Tafuta chanzo: pima maji injini ikiwa imepoa, gusa kapeti, nusa, muulize fundi. Kiburi cha mwenye nyumba hulipwa na aliye dhaifu kuliko wote nyumbani. Nawe uliyekaa kiti cha nyuma, ukiona hatari, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Kijijini wanamsifu Tuulia kwamba aliokoa watu. Yeye huinamisha kichwa, nao husema ni haya zake. Lakini liko neno ambalo hajawahi kumwambia mtu, na hili hapa: "Baba, sikunyamaza kwa heshima. Nilichoka na majigambo yako, nikataka taa ile ikuaibishe mbele ya watu. Nikasahau kwamba mama naye yumo garini."