Tundu la Kwapani

Ngozi kavu hainuki. Fundi alilijua hilo vizuri, maana kazi yake pale makumbusho ilikuwa kujaza ngozi za wanyama waliokufa mpaka wasimame kama wazima. Kwa hiyo asubuhi ile, alipofungua karakana akakutana na harufu ya manyoya yaliyolowa, alisimama akinusa. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Harufu ilitoka kwenye lile dude la kaka yake.

Kaka mtu alikuwa akiongoza wageni msituni, na tangu arudi safari ya mwisho alikuwa na wimbo mmoja tu: ameona mtu-nyani, mrefu kama mlango, asiyeandikwa katika kitabu chochote.

"Mbio za sakafuni hizo, kaka," fundi alimtania. "Mnyama mkubwa hivyo, hakuna hata aliyeokota mfupa wake?"

"Aisifuye mvua imemnyea, mdogo wangu. Nishonee basi, watu waone nilichokiona."

Fundi akashona, kwa vipande vya ngozi za nyani na ng'ombe, kwa mapenzi tu. Wazazi walipofariki, kaka huyo ndiye aliyemlea. Angemnyima nini?

Ila kwapani aliacha tundu la kidole. Ndiyo desturi ya mafundi wa kazi hiyo: mwili mtupu haufungwi wote, kisije kikaingia kitu kikakosa pa kutokea.

Sasa aliunyanyua ule mkono mzito. Tundu lilikuwa limezibwa kwa mshono uliolala upande wa kushoto. Katika ukoo wao mwenye mkono wa shoto alikuwa mmoja tu.

Ndani ya kifua cha dude kitu kikakwaruza. Fundi akarukia ukutani kuchukua mkasi aufumue ule mshono, akakuta misumari mitupu, hakuna mkasi, hakuna kisu, hakuna hata sindano, vyote vimeondolewa, na nyuma yake ule mkwaruzo ukageuka pumzi, pumzi nzito ya kitu kilichokaa muda mrefu bila mapafu na sasa kinajifunza kuyatumia.

Ufunguo ukazunguka mlangoni, kwa nje.

"Kaka?" alinong'ona. "Kaka, ni wewe?"

"Usipige kelele. Litakasirika."

"Umefanya nini?"

"Kule msituni halikuwa mnyama. Lilikuwa jini. Lilinishika, likataka mwili wa kukaa na damu ya kuuamsha. Nikaliambia nina ndugu fundi."

"Ukanitoa mimi?"

"Nina watoto, mdogo wangu."

"Na mimi si ulinilea? Mimi si mtoto wako?"

Fundi aliweka paji la uso kwenye mbao za mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye alikuwa ameivaa nguo hiyo tangu utotoni, akiiona ya joto. Uchungu ulimjaa hata hofu ikakosa nafasi. Alitaka kuuliza tena, lakini kiganja kilicholowa kikamfunika mdomo taratibu.

Ukumbini zikasikika hatua za watu, na sauti ya kaka yake ikachangamka.

"Karibuni, karibuni! Mlibisha, leo mtaliona kwa macho yenu. Subirini kidogo tu. Mdogo wangu yumo ndani, anamalizia."