Neno Alilolisoma Doreen Dirishani

"Mama, nakwambia shuka kwenye hiyo treni."

"Nishukie wapi, Russell? Treni inatembea."

"Shuka Bradford, upande treni inayorudi."

"Sirudi. Nimevaa koti langu la kanisani, na rangi ya mdomo nimepaka. Mtu hajipambi hivi aishie Bradford."

"Basi hiyo pete itume kwa posta. Kuna haja gani ya kwenda mpaka Todmorden kuonana na mwizi?"

"Alinivalisha kwa mkono wake, na mimi nitamrudishia kwa mkono wangu. Nataka nimtazame usoni wakati anaipokea. Nikishamtazama, nakuja nyumbani."

"Nilikwambia tangu mwanzo, Mama. Mjane mwenye nyumba Leeds, mzee asiye na kitu huko milimani... Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulinambia. Sasa acha nikae na aibu yangu kwa utulivu."

Doreen Pickles akakata simu. Kijana aliyekaa mbele yake akajifanya anatazama kondoo dirishani, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Behewa zima lilikuwa limesikia.

Wajukuu zangu, mkimwona mtu mwenye miaka sitini na minane amekaa wima namna ile, mkoba magotini, midomo ameikaza, msimwulize kitu. Arusi yake ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa anakwenda kuivunja.

Mkata tiketi akapita.

"Tiketi yako, mpenzi."

Kule kwetu hata mkata tiketi anakuita mpenzi, wala hana nia yoyote. Doreen mwenyewe amewaita hivyo wauza samaki na wasukuma matoroli maisha yake yote. Lakini siku hiyo neno lilimchoma.

"Usiniite mpenzi," akasema, akampa tiketi.

"Samahani, bibi."

"Na bibi pia usiniite!"

Yule maskini akatoboa tiketi akaenda zake.

Sasa niwaambie kilichotokea, maana msipojua hili hamtajua lolote.

Doreen na Clifford Uttley walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo pale Todmorden, zamani, wakati mabomba ya moshi bado yanatoa moshi. Yeye mfumaji, Clifford fundi wa mashine. Mle ndani mashine zilinguruma kiasi kwamba ungempigia mwenzako kelele sikioni na asisikie. Basi watu wakazoea kuongea kwa midomo. Sauti hakuna, ni mdomo tu unapanuliwa, unakunjwa, unavutwa, na mwenzio aliye mwisho wa chumba anakusoma. Umbea ulikimbia kutoka ukuta huu hadi ule bila hata mnong'ono. Msimamizi akipita alidhani wametulia wanafanya kazi, kumbe wanaisema suruali yake.

Kila mmoja alioa au kuolewa kwingine. Kila mmoja akazika mwenzake. Mwaka jana wakakutana kwenye mazishi ya rafiki yao wa kiwandani, Doreen benchi la mbele upande wa kushoto, Clifford la nyuma upande wa kulia. Mchungaji anahubiri, wao wanaongea kwa midomo.

"Umezeeka vizuri," Clifford alimwambia bila sauti.

"Wewe umezeeka tu," Doreen akajibu.

Mapenzi yakaanza hapo, mbele ya jeneza la watu.

Kila Jumanne Doreen alipanda treni kutoka Leeds kwenda kumwona. Jumanne hii nayo alikwenda, wakala, wakacheka, Clifford akamsindikiza stesheni. Treni ilipoanza kuondoka, Doreen akageuka dirishani kumpungia mkono. Clifford alikuwa hamwangalii. Alikuwa ameinua simu mbele ya uso, anaongea na mtu kwa midomo, taratibu, kwa kupanua, kama enzi za kiwanda. Na Doreen, msomaji hodari kuliko wote wa zamu yake, akamsoma neno kwa neno:

*Kwa Doreen nataka pesa tu. Nikipata pesa, nimemaliza.*

Tangu hapo simu ya Clifford hakuipokea. Ujumbe ukaingia mmoja baada ya mwingine.

"Doreen, umefika salama?"

"Doreen mbona hupokei? Wa kanisani wanauliza maua yawe ya rangi gani."

"Nimekukosea nini mpenzi wangu?"

Asubuhi hii ndipo alipojibu: "Nakuja na treni ya saa nne. Usinipokee na maua."

Bradford treni hugeuka. Inaingia kwa kichwa inatoka kwa mkia, na wewe uliyekuwa unatazama uendako unajikuta unarudi kinyumenyume. Wageni hubabaika wakidhani wanarudishwa walikotoka. Doreen alinyanyuka akahamia kiti cha pili, akakaa tena akitazama mbele.

"Ukikaa pale si sawa tu?" yule kijana akathubutu.

"Si sawa. Ninakokwenda leo nataka nikuone kunakuja."

Halifax ikapita. Bonde likabana, nyumba za mawe meusi zikapandana mlimani, mfereji ukaonekana na kupotea. Kila stesheni Doreen aligusa kidole cha pete. Hebden Bridge aliivua, akaishika kiganjani, akafunga ngumi.

Clifford alikuwa jukwaani Todmorden, kofia mkononi, na kitu kimefungwa kwa kitambaa, kinafuka mvuke.

"Umesema nisilete maua," akasema. "Nimeleta pai. Ya nyama na viazi. Bado ya moto."

"Sitaki pai."

"Doreen Pickles hataki pai? Basi kuna mtu amekufa."

"Fungua mkono."

Akafungua. Doreen akamwekea pete kiganjani, akamtazama usoni kama alivyoapa. Alitafuta haya, alitafuta hofu ya mtu aliyekamatwa. Aliona mzee ambaye uso umempauka.

"Nimefanya nini?"

"Unajua."

"Sijui! Niambie, hata mhalifu husomewa kosa lake."

"Jumanne. Ulisimama pale pale uliposimama sasa. Ulishika simu, ukasema kwangu unataka pesa tu, ukipata pesa umemaliza. Nilikusoma, Clifford. Usinidanganye, macho yangu hayajapata kukosea."

Clifford akafikiri. Akafikiri tena. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kucheka.

"Unacheka!"

"Nilikuwa naongea na Wilf! Simu ya picha! Wilf hasikii, masikio aliyaacha kiwandani, utaongea naye vipi kama si kwa mdomo? Nilimwambia akachukue *meza*!"

"Pesa."

"Meza! Meza ya mama yako! Nyumba yangu ndogo, kitanda ninacho, kabati ninalo, meza yangu inatosha watu wawili na chumvi. Ukishahamia kwangu, ukiwakaribisha wajukuu wako Jumapili watakula wapi, kwenye ngazi? Alikuwa ananiuliza abebe nini kwako, nikamwambia kwa Doreen nataka meza tu."

"Umepata siku mbili za kutunga hiyo."

"Nimetunga saa ngapi, mwanamke? Hata kesi nimeijua sasa hivi!"

Pale jukwaani pana chumba cha kungojea chenye kioo. Clifford alimpa pai, akaingia ndani, akafunga mlango, akasimama upande wa pili wa kioo. Akainua kidole. Midomo yake ikasema: *Kitendawili.*

Doreen hakutaka. Lakini mfumaji ni mfumaji. "Tega," akajibu kwa midomo.

Clifford akasema neno moja.

"Pesa!" Doreen akasema kwa sauti.

Clifford akatikisa kichwa, akafungua mlango kidogo. "Nimesema meza." Akafunga.

"Rudia!"

Akarudia.

"Meza."

"Hiyo sasa ndiyo pesa."

"Rudia, na usinifanyie ujanja!"

Nanyi mnaosoma, kama mnadhani Doreen alikuwa mjinga, nendeni mbele ya kioo. Semeni "pesa" bila sauti, kisha "meza". Midomo inafungwa vilevile, inafunguka vilevile. Kiwandani hawakukosea kwa sababu walijua kinachozungumzwa. Aliye nje ya mazungumzo atapokea kile anachokiogopa.

Doreen akakosea tena. Shaka ikaanza kumwingia, ila hakuwa mtu wa kukubali haraka.

"Hii inaonyesha ungeweza kusema meza," Doreen akamwambia Clifford alipotoka. "Haionyeshi kwamba ulisema meza."

Ndipo simu ya Doreen ikalia. Russell. Akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mama! Niko nyumbani kwako, nimekuja kukuangalizia nyumba. Kuna kizee hapa mlangoni na gari la mizigo! Kiziwi kabisa, nampigia kelele ananipanulia mdomo tu! Ameniandikia karatasi kwamba ametumwa na Clifford. Si nilikwambia? Wameanza kukuhamishia vitu!"

"Anataka kuchukua nini?"

"Meza."

Doreen akashika nguzo.

"Na nini kingine, Russell?"

"Hapo ndipo sielewi. Nimemwonyesha televisheni, nimemwonyesha ile saa ya babu, nikitaka nimnase. Anatikisa kichwa. Meza tu. Ile kuukuu ya bibi, yenye alama za visu. Sasa nani anataka meza ile?"

"Mpe."

"Mama!"

"Mpe meza, Russell. Umsaidie kubeba, mgongo wake mbovu. Halafu umpe chai. Tutaongea jioni, na utaniomba radhi, na mimi nitakuwa nimeshaomba ya kwangu."

Akakata. Aligeuka na tabasamu, mkono ameunyoosha apewe pete. Lakini Clifford hakuwa anacheka tena.

"Siku mbili," akasema.

"Clifford..."

"Siku mbili nimekupigia. Nimedhani umeanguka ngazi. Nimedhani umekufa. Kumbe umekaa Leeds umeamini mimi ni mwizi. Neno moja la kuniuliza hukuwa nalo? Ungeniuliza tu: Clifford, ulisema nini? Nimekaa na mke miaka yote ile, hakuwahi kufunga mlango bila kuniuliza."

"Niliona kwa macho yangu."

"Uliona mdomo. Mimi hukuniona." Akatia pete mfuko wa kizibao. "Umeleta, nimepokea. Pai ni yako, kula njiani. Treni ya kurudi ni upande ule."

Akavaa kofia, akaanza kushuka ngazi.

Doreen alibaki na pai ya moto mikononi. Midomo yake ikaanza yenyewe, kwa mazoea ya maisha yote: *Clifford, nisamehe. Clifford, rudi.* Yote bila sauti. Yote kwa mgongo wa mtu anayeondoka. Alikuwa anamwambia nani?

Mambo ya moyo hakuwahi kuyasema kwa sauti. Kiwandani yalisemwa kwa midomo, na nyumbani na marehemu mumewe hayakusemwa kabisa. Jukwaani kulikuwa na watu, tena wa Todmorden, wanaomjua mama yake. Akajaza kifua.

"CLIFFORD UTTLEY!"

Njiwa wakaruka juu ya paa. Clifford akasimama, lakini hakugeuka.

"Nimekosa mimi! Nilipaswa kukuuliza, nikaogopa jibu! Mwanangu alinitia maneno na mimi nikayaweka mdomoni mwako! Nakupenda! Unasikia? Nakupenda, mzee mkaidi wewe, na Jumamosi naolewa na wewe, utake usitake!"

Clifford akageuka polepole. Uso mkavu.

"Sijasikia."

"Umesikia! Wamesikia mpaka Burnley!"

"Nimeona mdomo tu. Na midomo tumeshakubaliana haiaminiki."

"Nakupenda!" Sauti ikamkatika katikati, machozi yakamtoka pamoja na rangi yote aliyojipaka.

Clifford akapanda ngazi aliyokuwa ameshuka. Akasimama karibu, lakini pete hakuitoa.

"Na siku nyingine ukiona nimesema upuuzi?"

"Nitakuuliza."

"Lini?"

"Papo hapo. Hata ukiwa umelala nitakuamsha."

"Na mwanao akikwambia nafuata nyumba yako?"

"Nitamwambia akuulize wewe, mezani, mbele ya wote, akiwa na mdomo umejaa pai yako."

Clifford akakuna shingo. Akatazama reli. Alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa au kwa jicho. Naye neno lile hakuwahi kulitamka likasikika. Kwenye benchi alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha magurudumu, aliyekuwa ameacha hata kujifanya hasikilizi.

"Bwana wewe, mjibu mwenzio," akasema. "Treni yangu ndiyo ile inaingia, siwezi kwenda Manchester bila kujua mwisho."

Clifford akavua kofia. Akamshika Doreen mkono wa kushoto, akamvalisha pete, na mara hii alifungua kinywa na sauti ikatoka, nzito, yenye kutu.

"Na mimi nakupenda. Jumamosi, saa tano, kanisani. Na ukichelewa hata kidogo namwoa huyu mama hapa."

"Mimi usinihesabu," akasema yule mama, akivuta kikapu chake kuelekea mlango wa treni. "Mimi wa kwangu yuko Manchester, na yeye ana meza."