Nyanya Mgongoni mwa Bilinganya

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Mama Pacha alikuwa bustanini na ndoo yake. Alimwagilia mpaka mgongo ukamlalamikia. Ikifika adhuhuri, nyanya zilikuwa zimening'inia kama nguo mbichi kambani. Maua yalipukutika kabla ya kushika matunda.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa ameshaegemeza kalibu za matofali ukutani.

"Mke wangu, msimu huu ukikwama, hapa nafyatua matofali."

"Utayala na chumvi?"

"Angalau hayanyauki."

Mama Pacha akaenda kwa jirani yao, fundi wa kitalu. Alimkuta mezani, wembe mkononi.

"Karibu, shoga. Leo nafungisha ndoa."

Fundi alikata kichwa cha mche wa bilinganya kimshazari. Akakata mche wa nyanya vilevile, wenye shina la unene uleule, akaitupa mizizi yake. Akakutanisha kidonda kwa kidonda, akabana kwa kibanio kidogo.

"Kwa nini bilinganya?"

"Ni ndugu wa nyanya, kwa hiyo wanaungana. Mizizi yake huvumilia joto na hufuata maji chini zaidi. Utavuna nyanya zilezile. Miguu tu ndiyo ya kuazima."

Miche ilikaa kivulini, chini ya plastiki, penye unyevu, mpaka kidonda kikapona. Kisha fundi akaizoesha mwanga kidogo kidogo.

Siku ya kupanda, Mama Pacha alichimba mashimo marefu na kuzika mashina mpaka nusu, kama alivyozoea. Fundi alipofika akashika kiuno.

"Shoga, chomoa! Umefukia kiungo, pale ilipoungana!"

"Nimepanda hivi tangu niolewe!"

"Kazi hii ya kuunganisha miche tunaiitaje?"

"Kubebesha."

"Haya, anayebebwa anakanyaga chini?"

Mama Pacha akacheka. Fundi hakucheka.

"Shina la nyanya likigusa udongo hutoa mizizi yake lenyewe. Hapo umerudi kulekule kwa mizizi inayoshindwa na jua. Kiungo kikae juu ya udongo. Na machipukizi ya bilinganya chini ya kiungo uyakwanyue."

Wakachomoa, wakapanda upya. Walipofika mstari wa mwisho, Baba Pacha akawazuia.

"Huu acheni ulivyo. Nataka kuona kwa macho yangu, si kuhadithiwa."

Jua lilipopamba moto, aliona. Mstari wa mwisho ulilala adhuhuri kama zamani. Mingine, kwa maji yaleyale, ilisimama wima, na maua yakashika matunda. Alichimba mche mmoja ulionyauka: juu ya kiungo, nyanya ilikuwa imejiotea mizizi myeupe.

"Kweli imeshuka mgongoni," akasema.

Siku ya mavuno matenga ya nyanya yalikosa nafasi chini. Baba Pacha akazitoa kalibu ukutani, akazipanga, akayapandisha juu yake.

"Hata kalibu zako," mkewe akamwambia, "leo zimebebeshwa."