Kitambaa Cheupe cha Bathsheba

"Austine, uso wangu uko wapi?"

Bathsheba aliitazama picha kwenye simu ya mchumba wake. Ziwa lilimeta, anga lilipendeza. Yeye alikuwa mweusi tititi, mfano wa nguzo.

"Jua liko nyuma yako, jaber, mrembo wangu. Jioni ya Sindo ndivyo ilivyo."

"Basi nigeuze nilitazame."

"Utakunja macho."

"Gusa uso wangu kwenye kioo cha simu, uongeze mwanga."

"Anga litaungua, liwe jeupe pepe."

"Na liungue! Jumapili padri anatangaza ndoa yetu. Nataka watu wanione mimi, si anga."

Austine alicheka. Bathsheba hakuwa na nguvu za kucheka. Tangu mchana alikuwa amesimama ufuoni, akiwashikia wateja wa Austine kitambaa cheupe ili mwanga urudi nyusoni mwao. Hata Mzee Obare alitoka vizuri, na pengo lake likaonekana.

"Wote hao walilipa jua mgongo," alisema polepole. "Mbona ni mimi tu ninayetoka giza?"

"Wewe huna wa kukushikia kitambaa."

"Ungekitundika kwenye mtumbwi ule."

Simu ya Austine ikatetemeka mkononi mwa Bathsheba. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyehifadhiwa kama Nyatichi wa Masara:

"Mpenzi, nimeiona picha uliyoweka jana. Ni yule mteja wako tena? Mbona hana uso?"

Bathsheba aliusoma mara mbili, kisha akamgeuzia Austine kioo.

"Mteja?"

Austine aliinamia mchanga. "Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia."

"Uliweka picha yangu ili nifurahi, ukanitia giza ili asinijue."

"Nisamehe. Simama, nikupige nyingine, uso wote uonekane."

"Na utaiweka sasa hivi, Nyatichi akiona?"

Austine alinyoosha mkono kuichukua simu yake.

Bathsheba alimrudishia, akatoa yake, akampigia mama yake.

"Mama, mwambie padri asitangaze ndoa yetu."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nimechoka, Mama. Nitakueleza nikifika."

Alikikunja kile kitambaa cheupe, shuka aliyoitoa kitandani mwake mwenyewe, akakitia kwapani. Kando yao, bibi harusi mmoja alikuwa akijipaka poda, akisubiri zamu yake.

"Bathsheba, mteja ndiye huyo, na jua linazama! Nani atanishikia kitambaa?"

"Mwite Nyatichi."