Jogoo wa Msingi

Asubuhi hiyo Pantelis alitoka nyumbani kwenda ufukweni, kivuli chake kikabaki mlangoni. Akakicheka. Kufika getini, miguu ikagoma kama punda aliyeona daraja bovu.

Nyumba yenyewe mpya: vyumba vya wageni, pale kisiwani Paros, msingi umekalia mawe ya hekalu la watu wa kale. Fundi Zannis alitaka jogoo achinjwe, damu imwagwe msingini, kama kila nyumba kisiwani. Lakini Pantelis ni bahili, nzi akitua kwenye jibini yake huondoka amekonda. Jogoo akaishia chunguni, na tambi.

"Msingi utajitafutia chakula," Zannis alimwambia.

"Utafune mawe. Si yapo?"

Basi akawa mfungwa wa nyumba yake. Kila akisogelea geti, kuta zilinuka chokaa mbichi, na ndani ya ukuta kitu kikagonga taratibu, ngo, ngo, kama mwiko wa fundi. Meli za kwenda bandari ya Pireo zikaondoka bila yeye, na huko Pireo binti yake Argyro alikuwa amemzalia mjukuu wa kwanza.

Mkewe, Marouso, akaleta jogoo mwingine, akamchinja kizingitini. Damu haikugusa sakafu. Jiwe liliimeza hewani, likabaki kavu kama koo la mlevi.

"Nyumba imeshaonja mtu," Marouso akanong'ona. "Jogoo itamtaka wa nini? Itakuachia ikipata mwingine."

"Basi mpigie Argyro. Asithubutu kuja."

"Baba Argyro... mwanao ameshashuka bandarini. Alitaka akushtukize."

Alasiri teksi ikasimama. Pantelis akapiga ukelele uliogandisha maziwa ya mbuzi mpaka kisiwa cha pili.

"Usiingie! Rudi!"

"Ubahili gani huu, baba? Hata mjukuu unamnyima kiti?" Argyro akacheka, akaruka kizingiti na mtoto kifuani, na papo hapo Pantelis akahisi miguu imekuwa myepesi kama pamba, ikamtoa, ikampitisha getini, ikamkimbiza hadi mchangani, na kivuli chake kikimfuata kwa nyuma kama mbwa aliyefunguliwa kamba, naye akawa anacheka na kulia, mpaka aliposikia anaitwa.

Argyro alikuwa amesimama getini, kwa ndani.

"Baba, mbona nikifika hapa mtoto anakuwa mzito hivi?"

Nyuma yake, ukutani, kivuli kidogo kilikuwa kinachezesha miguu peke yake. Na ndani ya ukuta, ngo, ngo, ngo, safari hii harakaharaka, kama fundi aliyepata jiwe la saizi yake.