Kesi ya Cherehani

Katika nyumba hii wanaishi watu watatu, na wote ni mafundi. Mwokaji huoka mikate mjini. Hutoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi mchana, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Mkewe hushona sare za shule, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Sare. Wa tatu ni baba yake Mwokaji, Mzee Gereji. Huyu alitengeneza malori kwa miaka thelathini na tano. Sasa amestaafu, lakini masikio yake hayajastaafu. Lori likipita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa chai, atakuambia lina ugonjwa gani. Na mara nyingi anapatia, kwa hiyo watu wameacha kumbishia.

Siku zao huanza hivi. Mama Sare anafagia, anatenga chai, kisha anaketi kwenye cherehani yake sebuleni. Ni cherehani ya umeme. Akikanyaga pedeli inanguruma, akiinua mguu inanyamaza. Kando yake kuna meza ya kupigia pasi. Pasi anaiwasha asubuhi ili iwe tayari, na huiacha hivyo mpaka mchana. Mzee Gereji anasikiliza redio yake ndogo. Jikoni kuna friji ya Mzee, ambayo wenzake wa gereji walimpa siku alipoagwa kazini. Anaifuta mwenyewe kwa kitambaa, na hataki mtu mwingine aiguse zaidi ya kufungua mlango.

Maisha yao yalikuwa shwari, ila umeme uliwatesa. Kila mwanzo wa mwezi Mwokaji alinunua uniti za kutosha, au ndivyo alivyodhani. Lakini kwa miezi mitatu mfululizo ziliisha siku ya ishirini. Mara ya tatu ziliisha Mama Sare akiwa katikati ya mshono. Sindano ikagoma ndani ya kitambaa.

Jioni ile, kukiwa bado na mwanga wa jua, Mzee Gereji aliwaita wote wawili wakae.

"Nimeisikiliza nyumba hii wiki nzima," alisema. "Taa hazina sauti. Redio yangu mnaijua. Kinachonguruma humu ndani ni kimoja tu. Injini ikinguruma sana, ujue inakunywa sana. Hiyo cherehani itoke kabla wiki hii haijaisha."

Mwokaji alikohoa, akaanza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Anampenda mkewe, hilo halina ubishi. Lakini tangu azaliwe hajawahi kumjibu baba yake, na jioni hiyo hakuwa tayari kuanza.

Mama Sare alikasirika. Alikuwa amepata kazi kubwa ya kwanza maishani mwake: sare sitini za shule ya jirani. Shule ingefunguliwa baada ya wiki tano. Hakuwa na uwezo wa kukodi chumba cha kushonea. Cherehani ikitoka, kazi nayo ingeondoka, na jina lake lingeharibika pamoja nayo. Angeweza kusema mengi. Lakini huyu alikuwa baba mkwe wake, mtu aliyempokea vizuri tangu siku ya kwanza. Akapiga moyo konde.

"Baba, nisamehe, naomba wiki moja," alisema. "Tupime kwanza. Ikionekana kweli ni cherehani, nitaitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Hutanisikia nikilalamika."

Mzee alimtazama. Alipenda watu wasiozungukazunguka.

"Wiki moja," akakubali. "Lakini nani atapima?"

Jibu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale. Huko anakaa fundi umeme, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye watoto wamempa jina la Shangazi Nyaya. Mama Sare alimweleza shida yake. Shangazi Nyaya alisikiliza mpaka mwisho, akamwonya kwamba yeye akishaweka kipimo hamtetei mtu. Kitakachoonekana ndicho atakachosema.

Kesho yake, Mwokaji akiwa ameshanunua uniti nyingine, Shangazi Nyaya alikuja na mkoba wake. Akatoa vitu viwili. Kimoja kilikuwa kama kibanio kikubwa cha nguo, chenye waya mrefu. Cha pili kilikuwa kidude cha ukubwa wa simu, chenye kioo cha kuonyesha namba. Alizima swichi kuu, akafungua sanduku la umeme lililoko kwenye korido, akabana kile kibanio kwenye waya mkubwa unaoingiza umeme ndani. Hakuukata waya wala kuuchuna. Mwokaji alisogea ili aone vizuri, na akarudishwa nyuma mara moja.

"Shemeji, kaa huko huko. Sanduku hili hufunguliwa na fundi umeme peke yake. Nyinyi kazi yenu ni kusoma namba."

Alifunga sanduku, akawasha umeme, akauchomeka ule waya mrefu kwenye kile kidude na kukiweka mezani sebuleni. Hicho ndicho kipima umeme cha nyumbani. Mita ya kawaida huonyesha uniti zilizobaki. Kipima hiki huonyesha umeme unavyoliwa muda huo huo, na ukiwasha au kuzima kitu, namba inabadilika ukiiangalia.

Mzee Gereji alivaa miwani. Akauliza ile namba inahesabu nini hasa.

"Ni wati, mzee wangu," alisema Shangazi Nyaya. "Wewe ni mtu wa magari, utanielewa. Wati ni kasi ya kunywa mafuta. Uniti ni mafuta yaliyokwisha kutoka kwenye tangi. Kitu cha wati elfu moja kikiwaka saa moja, kimekula uniti moja. Kwa hiyo tunaangalia mambo mawili: kinakula kwa kasi gani, na kinakula kwa saa ngapi."

Mzee aliguna. Lugha hiyo aliijua.

Wakaanza na mshtakiwa. Shangazi Nyaya alisoma namba, kisha akamwomba Mama Sare ashone. Mama Sare alikanyaga pedeli, cherehani ikanguruma sebule nzima. Namba ilipanda kwa wati tisini. Alipoinua mguu, ikashuka tena palepale.

"Tisini tu?" Mzee aliuliza. "Na kelele zote hizo?"

Shangazi Nyaya alimweleza kwamba kelele ni za vyuma na sindano, hazina habari na umeme unaoliwa. Mtu angelazimika kushona kwa muda wa saa kumi na moja bila kuinua mguu ndipo afikishe uniti moja. Mama Sare alitaka kucheka kwa furaha. Moyo wake ulikuwa umeanza kutulia.

Lakini furaha hiyo haikudumu. "Washa na pasi," aliambiwa. Akaiwasha. Pasi haikutoa sauti yoyote. Namba ikaruka, ikapita elfu moja, ikasimama kwenye elfu moja na mia mbili.

Pasi ni yake, na ndiye anayeiacha ikiwaka kuanzia asubuhi. Mzee Gereji alikunja mikono, akamtazama mkwewe. Mama Sare aliona aibu, na hofu ikamrudia. Alikuwa ameomba kipimo mwenyewe, sasa kipimo kilikuwa kinamgeukia.

"Hapo nimekosa," alisema polepole. "Naiacha ikiwaka, hata kama nakata kitambaa. Sikujua."

Shangazi Nyaya hakumwonea huruma wala hakumsema. Alimweleza kuwa vitu vinavyotoa joto ndivyo vyenye kasi kubwa: pasi, birika, jiko la umeme, hita ya maji. Pasi huzima na kuwaka yenyewe ikiwa imechomekwa, kwa hiyo haili kwa kasi hiyo muda wote. Hata hivyo inakula bila kazi. Dawa yake ni kukusanya nguo zote za siku, kuzipiga pasi kwa mkupuo mmoja, kisha kuichomoa.

"Basi tumempata mwizi," alisema Mzee.

"Tumempata mmoja," alijibu Shangazi Nyaya. "Sasa zimeni kila kitu. Taa, redio, chaja, pasi, cherehani. Kila kitu mnachokijua."

Walizima. Mwokaji alizunguka vyumbani, akachomoa hata chaja ya simu iliyojificha nyuma ya kitanda. Wakarudi mezani, wakainama wote wanne juu ya kidude. Namba ilipaswa kukaribia sifuri. Haikukaribia. Ilisoma mia mbili na tano.

Wakasubiri. Dakika tano. Dakika kumi. Mia mbili na tano.

"Kidude chako kibovu," alisema Mzee Gereji.

"Au kuna kitu mmekisahau. Friji je?"

Mzee alicheka kidogo. "Friji ile? Haina hata sauti. Na ni mashine ya kuaminika hiyo. Ya jirani inazimika na kuwaka, inazimika na kuwaka, kama injini yenye maji kwenye mafuta. Ya kwangu haijawahi kuzimika hata siku moja."

Shangazi Nyaya aliinua kichwa. "Haizimiki kabisa?"

"Kabisa. Usiku na mchana."

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "nenda uichomoe wewe mwenyewe."

Mzee Gereji aliingia jikoni. Wakasikia plagi ikitoka. Hapo mezani namba ikaanguka mpaka sifuri. Mwokaji aliitazama, akamwita baba yake kwa sauti ya chini aje aone. Mzee alikuja, akaona. Akarudi kuchomeka, akaja tena kutazama. Mia mbili na tano. Alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Shangazi Nyaya alimweleza bila kumdhalilisha. Injini ya lori ikizimikazimika, ni mbovu. Friji ni kinyume chake. Friji nzima hufanya kazi mpaka ndani kupoe, kisha inapumzika. Isiyopumzika ni mgonjwa: inahangaika kupoza na haipozi. Wati mia mbili si kasi kubwa. Lakini zikienda saa ishirini na nne, zinafika karibu uniti tano kila siku. Cherehani na pasi zikiunganishwa pamoja hazikufika hapo.

Wakaenda jikoni kuitazama. Mama Sare alitoa kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Shangazi Nyaya alikibana kwenye mlango wa friji, akaufunga, akavuta. Karatasi ilitoka bila kukwama popote. Mlango mzuri huishika. Mpira wa kuzunguka mlango ulikuwa umekauka na kupasuka, kwa hiyo baridi ilitoka na joto likaingia. Juu ndani kulikuwa na barafu nene kama mkate. Na kwa nyuma, mgongo wa friji uligusa ukuta, mabomba yake membamba yamevaa vumbi kama blanketi. Mzee alikuwa akifuta mbele miaka yote hiyo. Nyuma hakuwahi kutazama.

Mzee Gereji aliinama, akapapasa mpira uliopasuka. Aliona haya, na kila mtu jikoni aliona kwamba ameona haya. Kisha akaukunja mkono wa shati.

"Mpira wa namna hii unabadilishwa?"

"Unabadilishwa," alisema Shangazi Nyaya. "Kwa mikono kama yako ni kazi ya asubuhi moja."

Siku ya pili yake Mzee alipima mlango, akaenda dukani na kurudi na mpira mpya. Friji ilikuwa imechomolewa tangu alfajiri na barafu imeyeyuka yenyewe. Hakuruhusu mtu aikwangue kwa kisu, maana kisu hutoboa bomba. Aliulainisha mpira kwa maji ya moto, akaupachika pembe moja baada ya nyingine. Akafuta vumbi la nyuma kwa brashi. Akaisogeza friji mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Kisha akaiwasha, vitu vingine vyote vikiwa vimezimwa, akaketi mbele ya kipima umeme.

Ilisoma mia moja na ishirini. Baada ya saa tatu ikashuka ghafla mpaka sifuri. Friji ilikuwa imepumzika. Mzee Gereji alimwita mwanawe na mkwewe waje kuangalia namba tupu, na wao wakaja.

Walipanga mambo mengine kwa kufuata namba. Mama Sare alipiga pasi mara moja kwa siku. Chakula cha moto hakikuingia kwenye friji mpaka kipoe. Mwokaji, ambaye zamani alichemsha birika zima kwa kikombe kimoja, alijifunza kupima maji. Wiki ilipoisha Shangazi Nyaya alikuja kuchukua kidude chake, na Mzee akamuuliza vipima kama hivyo vinauzwa wapi.

Jioni ya siku hiyo Mzee alimwita Mama Sare mbele ya mumewe.

"Nilikuhukumu kwa masikio tu," alisema. "Nilitaka kukutoa kazini, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu."

Machozi yalimlengalenga Mama Sare, akaitikia kwa kichwa.

Mwezi uliofuata uniti hazikuisha siku ya ishirini. Zilifika siku ya mwisho, na nyingine zikabaki. Sare zote sitini zilikamilika kabla shule haijafunguliwa. Mkuu wa shule alizipenda, akataka nyingine tisini kwa muhula unaofuata.

Habari hizo Mama Sare alikaa nazo siku mbili. Sare tisini zilihitaji cherehani ya pili, na aliogopa kuitamka mbele ya baba mkwe wake. Mwishowe akaitaja wakati wa chai, macho yakiwa kwenye kikombe.

Mzee Gereji alifikiri. Akainuka, akashika kiti chake cha pembeni mwa dirisha, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote sebuleni, akakiburuta mpaka upande wa pili.

"Iweke hapa," alisema. "Mshono unahitaji mwanga."