Kitanda cha Mbao za Meli

Shuka lilikuwa limelowa upande wa Emérence tu. Alilianika uani, pale kwao Vulamba, mtaa wa Butembo, likakauka na kubaki na unga mweupe. Aliugusa kwa ulimi akakuta ni chumvi. Mvua ya Butembo haina chumvi.

Wivu ukampanda palepale. Mumewe, Kitsa, alikuwa dereva wa trela. Mwaka ule wa vita, jeshi la kigeni lililokuja kulinda amani lilileta magari yake ya chuma kwa meli hadi Mombasa, na Kitsa na wenzake wakayafunga kwa minyororo juu ya trela, wakavuka mpaka wa Kasindi, wakayafikisha Beni. Melini magari hayo yalikabwa kwa mbao nene, yasiteleze bahari ikichafuka. Mbao zenyewe zilitupwa bandarini. Mtu gani wa Butembo angeacha mbao nzuri zioze? Kitsa alichagua zake, akarudi nazo, seremala akamtengenezea kitanda.

"Baba Débora, uko na bibi kule Mombasa?" Emérence aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, mama. Niko na wewe tu."

"Mais shuka inanuka bahari. Ni wewe uliniambia bahari inanukaka vile."

Kitsa alilikunja shuka, akaingia nalo chumbani. Siku hizi alikuwa akijifungia chumbani mchana kweupe, na alasiri moja Emérence aliweka sikio mlangoni akasikia mbao zikilia polepole, kama kitu kizito mno kinajigeuza, kisha minyororo, kisha mumewe akicheka kile kicheko alichomchekea yeye walipokuwa wachumba kule Lubero, na kicheko cha pili kikamjibu, cha mwanamke, kikitoka si juu ya godoro bali chini yake, ndani ya mti wenyewe. Alisukuma mlango. Kitsa alikuwa peke yake, amelala ukingoni, amemwachia mtu nafasi.

Emérence aliogopa, lakini wivu ulimuuma kuliko woga. Alimwita Mama Jokébed, kiongozi wa chumba cha sala, kikundi cha maombi cha mtaani. Mama huyo aliweka kiganja juu ya mbao, akakitoa kimelowa.

"Iko jini ya bahari," alinong'ona. "Inasema bwana ni yake, sababu yeye mwenyewe aliichagua. Muchome kitanda inje. Mais usiote ile moto, usiweke hata chungu juu. Iache ikule peke yake."

Kesho yake Kitsa alipotoka, Emérence alikipasua kitanda kwa shoka, akaziwasha mbao uani. Moto ukashika vizuri, lakini roho ya Emérence haikuridhika. Kitu hiki kimelala na mume wangu, kife hivihivi bila kujua mke ni nani? Akaleta chungu cha maharage.

"Utamupikia bwana yangu," aliuambia moto. "Halafu utakuwa majivu."

Kitsa aliporudi hakuulizia kitanda. Alikula yote, akakomba sahani kwa vidole.

"Leo chumvi iko sawa kabisa," alisema.

Emérence akakumbuka kwamba, kwa haraka yake, hakutia chumvi. Kitsa aliinuka akitabasamu kama zamani zile za Lubero, akampita, akachuchumaa penye majivu.

"Asante, bibi yangu," aliyaambia.

Kisha akageuka, akamtazama Emérence kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Na wewe mama, ulikuwa unatafuta nani?"